Wateja mnaoleta jibu huku swali mmelificha, mnatuchosha!!

Wakuu salamu. Mimi ni developa, natengeneza programu na mifumo ya kompyuta, na leo naandika na hasira na sitapunguza ukali.

Kuna hii tabia ya mteja kukuletea ombi limepimwa mpaka rangi. Anataka batani, ikae juu kulia, iwe nyekundu, ikibonyezwa iulize mara mbili kama una uhakika, na aione meneja peke yake. Sawa, ukimuuliza ni ya kazi gani anakuwa mkali, "we tengeneza nilichosema, si nakulipa". Sasa nitajuaje kama itakusaidia wakati hujaniambia unasumbuliwa na nini??

Hiyo batani sijaitunga, ndo kazi iliyonivuruga juzi hapa. Ilikuwa ya kufuta oda zilizojirudia. Hakuna hata mmoja pale aliyejiuliza zinajirudiaje, walishazoea kila asubuhi kukaa kuzifuta moja moja kwa hiyo wakaona dawa ni kufuta haraka zaidi. Nikaingia kwenye databezi, kule mfumo unakohifadhi kumbukumbu zake, nikaangalia muda, oda mbili za mtu yuleyule, bidhaa zilezile, zimepishana sekunde chache. Basi hapo imejieleza yenyewe, mtu kabonyeza tuma, mtandao unasuasua, ukurasa hauonyeshi dalili yoyote kwamba umepokea, batani bado inabonyezeka, kabonyeza tena. Nani asingebonyeza? Tiba yake ni kuizima batani ya kutuma ikishabonyezwa, na kila fomu ipewe namba yake ya kipekee ili seva, yaani kompyuta inayopokea oda, ikiiona ileile mara ya pili iikatae, maana kuzima batani peke yake hakutoshi, mtandao ukikatika katikati oda ileile inaweza kutumwa tena.

Na kinachoniuma, batani yao isingeokoa kitu. Unafuta oda kwenye orodha sawa, lakini stoki imeshapunguzwa mara mbili, risiti mbili zimeshaenda, na kama malipo yalipita mara mbili hela ya mtu imeshakatwa. Hapo umefuta ushahidi tu, tatizo liko palepale.

Mwingine kakomaa anataka programu isome herufi 3 za mwisho za jina la faili. Tatu, tatu, tatu, haambiliki. Kumbe anachotafuta ni kujua aina ya faili! Haya, docx ya Word je? jpeg ya picha je? Zote zina herufi 4, siku zikija hizo mfumo unalala na lawama ni za developa.

Kule Toyota hili walishalimaliza zamani. Taiichi Ohno, mhandisi aliyejenga mfumo wao wa uzalishaji, alikuwa anafundisha kuuliza kwa nini mara 5, na mfano wake ni mashine iliyosimama. Fyuzi imeungua, kwa nini, mzigo umezidi, kwa nini, beringi haina mafuta ya kutosha, kwa nini, pampu haivuti vizuri, kwa nini, shafti yake imelika, kwa nini, haikuwekwa chujio vyuma vikaingia. Ukimsikiliza anayesema "niletee fyuzi" utaleta fyuzi mpaka uzeeke.

Ila jamani hata sisi mafundi tusiwe wavivu wa kuuliza. Ukimwambia mtu "kwa nini" kavukavu anaona unamdharau, anaanza kujitetea. Mimi namwambia nionyeshe mara ya mwisho ilivyotokea, ulikuwa unafanya nini, ukishapata hiki kitu utakipeleka wapi. Na ikiwezekana nakaa na yule anayeutumia mfumo kila siku, siyo bosi wake, maana bosi anakuletea tafsiri yake ya malalamiko aliyoyasikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Ukikaa naye kidogo tu unaona yote, ana daftari pembeni, ana faili la Excel la siri analotumia kurekebisha mfumo wenu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa nyie watu wa mauzo. Nyie ndo mnanichefua kuliko wateja. Mteja ana haki ya kutojua, hiyo siyo fani yake. Nyie mnajua kabisa, halafu mnasaini ombi hivyohivyo na rangi zake, mnatuletea dedilaini, na mkisikia tunataka kuongea na mtumiaji mnasema tutamkera mteja. Mara ijayo mkizuia hayo mazungumzo, wekeni kwa maandishi kwamba mmezuia nyie, na mfumo ukigoma simu za usiku pokeeni wenyewe.