Tupeane uzoefu: uwanjani ndipo nilipojua Ukristo wangu umefika wapi

Kiungo Mkabaji

Bwana asifiwe wapendwa. Naanza mimi, ili msione haya kusema ya kwenu.

Ni nahodha wa timu ya vijana wa kanisa, ingawa ujana wenyewe umeshaniaga. Kabla ya kila mechi tunashikana mikono katikati ya uwanja na mimi ndiye ninayeongoza sala. Wiki iliyopita niliomba vizuri kweli, mpaka wapinzani wakaitikia amina. Dakika ya 12 nikacheza mpira safi, narudia, mpira safi, refa akapuliza filimbi. Nilichomwambia hakiandikiki hapa. Akatoa nyekundu moja kwa moja.

Kadi nimeizoea. Kilichoniuma ni kwamba natoka huku navua kitambaa cha unahodha, namkuta mtoto anayetuokotea mipira akiwarudilia wenzake lile tusi. Sauti yangu ameipatia kabisa, na mkono kiunoni hivyo hivyo. Mke wangu amesimama hatua tatu nyuma yake.

Tangu siku hiyo najiuliza: wakati naomba, lile neno lilikuwa limekaa wapi? Maana hakuja nalo refa. Nilikuja nalo mwenyewe.

Haya, wewe mchezo ulikufumbua macho wapi? Na baadaye ilikusaidiaje nyumbani au kazini? Mistari ya kutiana moyo tunaijua, leo tuleteeni yaliyowakuta.

Mfungaji wa Akiba

Kaka, wewe angalau ulitolewa. Mimi uwanjani hata sikuingia.

Netiboli. Msimu mzima nimekaa benchi kwa sababu alikuja dada mmoja mrefu, mtulivu, akirusha haikosi. Kanisani naongoza sifa, benchini nikawa naomba kimoyomoyo akose. Asiumie jamani, akose tu. Nilijipa nafuu hiyo kana kwamba Mungu ana kipimo cha wivu anachokiruhusu.

Mechi ya nusu fainali akatua vibaya, kifundo cha mguu kikageuka. Kocha akaniita. Nafunga kamba za viatu, vidole vinatetemeka, yule dada amelazwa pembeni mguu juu ya begi, ananiita kwa jina: "Beki wao anaruka mapema. Mzuge kwanza, halafu ndiyo urushe." Machozi yanamtoka kwa maumivu na bado ananielekeza.

Nilizuga, nikafunga. Tulishinda, na sikumbuki furaha yoyote.

Baada ya wiki mbili nilimwendea nikamwambia nilichokuwa nikikiomba. Akacheka, akasema, "Nilijua, ulikuwa unapiga makofi kwa ncha za vidole."

Mwaka jana kazini cheo nilichokingoja kikaenda kwa kijana niliyemfundisha kazi mimi. Mkutanoni wakapiga makofi, nami nikajikuta natazama vidole vyangu. Nikajilazimisha: nikakaa naye siku mbili nikimwonyesha kila faili lilipo. Msinisifu, sikufanya kwa moyo mkunjufu. Moyo ulifuata baada ya miezi kama mitatu, tena nusunusu.

Beki wa Pembeni

"Makofi kwa ncha za vidole." Dada umenipiga hapa nilipo. Kuna mtu nampigia hayo kila Jumapili kwenye kwaya.

Refa wa Jumamosi

Niruhusuni na sisi tunaotukanwa tuseme. Kiungo, sijui kama mimi ndiye niliyekupa ile kadi, ila nimeshatoa nyingi kwa watu wa sala.

Nilichojifunza ni hiki: ishara ya msalaba wakati mchezaji anaingia uwanjani hainiambii chochote. Nangoja pale ninapokosea mimi, maana hukosea. Hapo ndipo watu hujitenga.

Kuna mechi mpira ulitoka nyuma ya goli, mimi nimezibwa, nikanyoosha mkono kuonyesha mpira wa goli. Kijana mmoja beki akanikimbilia: "Refa, umenigusa mimi. Ni kona yao." Kipa wake alimtazama kama vile ameuza mechi. Nikabadilisha uamuzi, ikapigwa kona, ikazaa goli, wakafungwa 1-0. Mazungumzo ya chumba cha kubadilishia nguo siku ile niliyasikia kutoka nje, na hayakuwa ya kiroho, ingawa timu ilikuwa ya kanisa.

Wengi hukumbuka ya Miroslav Klose, mshambuliaji Mjerumani wa Lazio, mwaka 2012 timu yake ikicheza na Napoli kule Italia. Aliunawa mpira ukaingia, refa akakubali goli, yeye akaenda kumwambia ni mkono. Goli likafutwa, Lazio wakafungwa 3-0. Dunia ikampongeza. Huyu kijana wangu nani alimpongeza? Mimi tu, na nilifanya hivyo nikiwa nimeshafika kwenye begi langu.

Nami nikiri langu. Niliwahi kutoa penalti, mpira ukiwa bado haujapigwa nikajua nimekosea. Nikaogopa kuonekana dhaifu, nikapuliza ipigwe. Namkumbuka yule kijana kila nikitaka kumwambia mwanangu "samahani, hapa baba nimekosea." Sentensi fupi hiyo, lakini inanichukua muda mrefu kuitoa.

Mzee wa Baraza

Mazuri haya, lakini mmeruka jambo. Hizi mechi za Jumapili asubuhi je? Eric Liddell, mkimbiaji Mskoti, alikataa mbio za mita 100 za Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa kuwa mchujo ulikuwa Jumapili. Sisi leo bonanza tu linatutoa ibadani. Tabia ya Kikristo ianzie hapo.

Mbio za Polepole

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe nusu.

Liddell kweli alikataa, akakimbia mita 400 badala yake na kushinda kwa sekunde 47.6. Lakini hadithi haikuishia Paris. Alikwenda China kuwa mmisionari, na wakati wa vita Wajapani wakamfunga katika kambi ya Weihsien, alikofia Februari 1945. Kambini alikuwa akiwachezesha vijana michezo, ila si Jumapili. Inasimuliwa kwamba siku moja wakacheza mpira wa magongo Jumapili bila refa, wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata Liddell akatoka akawachezesha yeye. Mtu aliyeiacha mbio ya Olimpiki kwa ajili ya siku hiyo! Kwangu hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Kujinyima mwenyewe ni jambo moja, kujishusha kwa ajili ya watoto waliochoka na kifungo ni jingine.

Langu ni dogo. Nakimbia nusu marathoni, tena nyuma huko. Kuna kijana nilimfuata kilomita nzima za mwisho, tukafika kona akapotea njia, akashika upande usio wake. Sekunde kama nne hivi nilinyamaza. Nne! Kichwani nikawa nahesabu nafasi: wa 211 au wa 210. Ndipo nikapiga kelele arudi.

Baadaye nikasoma ya Abel Mutai wa Kenya. Desemba 2012, mbio za nyika huko Navarra, Hispania, alidhani ameshamaliza, akapunguza mwendo kabla ya utepe. Iván Fernández Anaya aliyekuwa nyuma hakumpita, alimwonyesha kwa ishara aendelee, akabaki wa pili. Kocha wake mwenyewe, Martín Fiz, alisema angekuwa yeye angeitumia nafasi. Yule Mhispania alikuwa anapoteza ushindi. Mimi nilikuwa napoteza namba 210, na bado nilihitaji sekunde nne.

Siku hizi nazihesabu. Mteja akinizidishia pesa, jirani akiomba msaada nikiwa nimechoka, naangalia nimenyamaza kwa muda gani kabla ya kusema kweli. Kuna siku huwa moja na nusu. Jana zilikuwa kama dakika tano.

Mzee wa Baraza

Marahaba mwanangu. Hilo la kambini sikulijua. Ibada bado muhimu.

Kiungo Mkabaji

Ni muhimu, mzee wangu, na kesho nipo.

Wapendwa, nirudi na mrejesho. Adhabu ilikuwa mechi mbili, nikazitumikia kwa kubeba gunia la mipira pamoja na yule mtoto. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba lile neno lilikuwa baya na kosa ni langu. Akaniuliza, "Sasa refa umemwambia?" Nilikuwa sijamwambia.

Leo nimerudi uwanjani, refa ni yule yule. Sala nimempa kipa aongoze. Nikamfuata refa kabla ya kurusha sarafu, nikaomba radhi, mtoto akiwa ameshika mpira anasikiliza. Refa akaniuliza kama leo nitamsumbua. Nikasema nitajitahidi.

Dakika ya 70 akapuliza tena kwenye mpira safi. Safi kabisa. Nikafungua mdomo, nikamwona mtoto pale kwenye chaki anaungoja, nikaufunga. Njano nilipata hata hivyo: nilisimama na mpira mkononi nikipumua mpaka akasema nachelewesha muda.