Naomba ushauri: mkono kuvimba baada ya matibabu ya saratani ya titi

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Naomba ushauri juu ya dada yangu, miaka 52, mkulima huku Masaka. Aliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, akamaliza mionzi Kampala miezi 7 iliyopita. Kansa haionekani tena, tunamshukuru Mungu, ila mkono wa kushoto unavimba.

Tunapima kila asubuhi kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake. Juu ni 33, mkono wa kulia 30. Chini ni 27 kwa 25. Hana homa, ngozi haijawa nyekundu wala haina joto. Ingekuwa hivyo tungekimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Anatambaza vidole ukutani mara 10 asubuhi na jioni, anakunja na kukunjua ngumi mkono ukiwa juu ya mto, anapaka vaselini, na anavaa glavu akimenya matoke, maana mkato mdogo tu ni mlango wa vijidudu. Bendeji ya kawaida ya kuvutika tuliiacha: ilibana juu kuliko kiganjani, maji yakashuka, vidole vikajaa hadi pete ikagoma kutoka.

Sasa naomba kujua: soksi ya mkono ya kubana, yenye nguvu ya kubana (presha) ya milimita 20 hadi 30 za zebaki, aanze nayo sasa, au kwanza bendeji zisizovutika sana mpaka uvimbe upungue? Na jembe alirudie vipi, dakika ngapi kwa siku, bila kuuchokoza mkono?