Damu 8.9, mimba ya wiki 24, na FEFO nameza kila siku. Nakosea wapi?

MamaKijacho_Tanga:

Habari za jioni wapendwa. Nimetoka kliniki leo nimevunjika moyo, naombeni ushauri.

Hii ni mimba yangu ya pili. Nilipoanza kliniki nikiwa na wiki 13 damu ilikuwa 9.8. Nesi akanitilia FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi, kwenye kibahasha cha khaki, akaandika juu yake "1 x 1" kwa kalamu ya bluu, basi. Foleni ilikuwa ndefu, mimi sikuuliza na yeye hakuongeza neno. Leo nina wiki 24, nimetobolewa kidole, damu 8.9. Imeshuka! Nesi wa leo akaniuliza kama vidonge navitupa. Niliumia sana, maana wallahi navimeza. Naamka saa 12 asubuhi, napika chai ya maziwa, na kidonge nakimezea hapo hapo nisije nikasahau. Labda nimeruka siku nne au tano hivi, pale kichefuchefu kilipozidi.

Tangu nianze, choo ni cheusi tii na kigumu, naogopa hata kwenda. Mama mkwe anasema niache, vidonge vinamkuza mtoto halafu nitashindwa kujifungua. Kaniletea rozela na bitiruti, kila siku ananisagia. Mume wangu anataka ninunue dawa ya maji ya kuongeza damu duka la dawa, na mimi nilikuwa nawaza nimeze vidonge vitatu kwa mkupuo niwahi.

Nifanye lipi?

BintiWaPongwe:

Pole shoga yangu. Mimi mimba ya kwanza nilikunywa rozela mwanzo mwisho, damu ikawa 12. Usiiache.

Mfamasia_wa_Mtaa:

Dada, pole, na hongera kwa kutokata tamaa na vidonge pamoja na kuumwa tumbo. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na jibu naliona kwenye kikombe chako cha asubuhi.

Chai ina tanini. Tanini inayanasa madini ya chuma yakiwa tumboni kabla utumbo haujayachukua, yanapita nayo hadi chooni. Maziwa yana kalsiamu, nayo inazuia. Kwa hiyo miezi miwili na nusu umekuwa ukimeza dawa pamoja na vitu viwili vinavyoizuia. Kidonge kimoja cha FEFO kina kama miligramu 60 za madini ya chuma yenyewe, na hata mtu akimeza vizuri mwili huchukua sehemu ndogo tu. Wewe hata hiyo ndogo umekuwa ukiikosa. Hukutupa vidonge, dada, na nasikitika uliulizwa vile.

Kuanzia kesho kidonge ni kwa maji. Ukiweza, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula. Chai na kahawa zikae mbali nacho masaa mawili, kabla na baada. Sikukatazi chai, ihamishe tu. Na kisindikize na kitu chenye vitamini C: chungwa, maji ya ndimu, au ubuyu uliokorogwa kwenye maji. Hapo Tanga machungwa ya Muheza mnayo mlangoni. Kama tumbo tupu linakutapisha, kula kidogo kwanza ndipo umeze, au kihamishie usiku ukiwa unakwenda kulala. Kidonge kilichoingia na chakula kinafaa kuliko kilichobaki kwenye bahasha.

Vitatu kwa mkupuo, hapana. Sisemi dozi haiongezwi. Mjamzito akikutwa na damu chini ya 11 ni kawaida kuongezewa hadi miligramu 120 kwa siku mpaka damu irudi, lakini aongeze anayekupima, na leo ungemuuliza hilo. Mwili ukipokea dozi kubwa, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayobana mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima. Ya ziada yanabaki tumboni, na hayo ndiyo yanayokuletea kichefuchefu na choo kigumu.

Dawa ya maji: mwambie shemeji asome nyuma ya chupa, atafute ni miligramu ngapi za madini ya chuma kwa kila kijiko. Nyingine zina kidogo kuliko kidonge ulichopewa bure. Bei haiongezi damu.

Bitiruti ni nyekundu lakini madini ya chuma iliyonayo ni kidogo, ile ni rangi tu. Rozela sikushauri uifanye dawa ukiwa na mimba. BintiWaPongwe, naamini damu yako ilipanda, ila kumbuka na FEFO ulikuwa ukipewa. Kama ni chakula, dada, tafuta dagaa, samaki na nyama. Maharage na mchicha vikamulie ndimu, na ukiweka dagaa kidogo humo humo mwili unachukua zaidi. Maini yana madini mengi lakini yana vitamini A nyingi pia, mjamzito asiyale kila siku.

Niambie: kuna dawa nyingine yoyote unatumia? Hata ya dukani.

MamaKijacho_Tanga:

Asante sana kaka, nimelia kidogo kusoma kwamba sikukosea kwa makusudi.

Natumia vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, asubuhi na usiku. Na kuna jambo sikuliandika kwa aibu. Nakula udongo. Ule wa sokoni, vipande vya kuokwa, siku nyingine vinne, vitano. Nikiusikia harufu mvua ikianza kunyesha siwezi kujizuia.

Mfamasia_wa_Mtaa:

Dawa ya kiungulia nayo inapunguza asidi ambayo madini ya chuma yanaihitaji. Itenganishe na FEFO kwa masaa mawili au zaidi. Asubuhi unatafuna hiyo, unamezea chai na kidonge, haishangazi. Udongo nawaachia wakunga.

NesiMstaafu:

Mwanangu, usione aibu. Nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya wajawazito miaka mingi, na wanawake niliowaona wakificha udongo kwenye pindo la khanga siwezi kuwahesabu. Damu ikipungua, hamu ya udongo inakuja. Ukiula, udongo unanasa madini ya chuma tumboni, damu inazidi kupungua, hamu nayo inazidi. Damu ikipanda utashangaa hamu inaondoka yenyewe. Kwa sasa punguza kipande kimoja kimoja, na mweleze nesi wako, hatakula nyama yako.

Rudi kliniki hata kabla ya tarehe uliyopangiwa, uulize mambo haya. Umepewa dawa ya minyoo? Hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Wazee wetu walikuwa na neno safura, na waliijua vizuri: mnyoo unang'ata utumbo na kunyonya damu, na huingia kupitia nyayo za miguu peku. Ukiwa nao, FEFO unajaza ndoo inayovuja. Umepimwa malaria? Umepimwa siko seli? Wapo ambao damu yao iko chini na madini ya chuma wanayo ya kutosha, hao kuongezewa hovyo kunawadhuru. Na dozi zako za SP, zile za kukinga malaria, usiziache, FEFO ya kliniki haizuii kitu. Ila usijinunulie foliki asidi ya miligramu 5 juu yake, hiyo inapunguza nguvu ya SP.

Choo cheusi ni kawaida ya FEFO, kisikutishe. Kikiwa kama lami, kinanata, kinanuka vibaya kupita kawaida na kizunguzungu juu, hiyo inaweza kuwa damu, nenda siku hiyo hiyo. Kwa ugumu wake kunywa maji mengi, kula papai, tembea jioni. Ukisikia moyo unakwenda mbio umekaa, pumzi inakata, au unataka kuzimia, usisubiri ushauri wa hapa.

Na mama mkwe umwambie kwa heshima zake: FEFO haimfanyi mtoto awe mkubwa wa kushindikana. Mimi hofu yangu ni mama anayeingia chumba cha kujifungulia na damu 7. Damu kidogo inayomtoka mwenzake bila madhara, yeye inamwangusha.

BabaWatatu:

Mimi dawa sizijui, lakini hivyo vidonge naomba sana viwekeni juu. Mtoto wa mdogo wangu, mwaka mmoja na nusu, alivikuta chini ya mto wa mama yake. Vyekundu, vinang'aa, akadhani pipi. Alitapika, kisha akatulia akawa anacheza, tukasema amepona. Kumbe hakupona. Usiku hali ikabadilika, tukamkimbiza hospitali. Mungu alimrudisha, lakini hizo siku tatu sizisahau.

Mfamasia_wa_Mtaa:

Kaka ahsante kwa kusema hili. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge kumi tu vya FEFO amefikia kiwango kinachoweza kumuua. Na huko kutulia katikati ndiko kunakodanganya wazazi. Akivimeza, hospitali moja kwa moja hata kama anacheza, na mfuko mwende nao.

Mgeni_0417:

Nimefungua jina jipya ili niulize. Nami ni mjamzito, na nameza zile dawa za kila siku za maisha, TLD, za VVU. Nameza saa 2 usiku. FEFO naruhusiwa?

Mfamasia_wa_Mtaa:

Unaruhusiwa, na unaihitaji. Ndani ya TLD kuna dolutegravir, na madini ya chuma yanaishika yakikutana nayo tumbo likiwa tupu. Una njia mbili: TLD uimeze masaa 2 kabla ya FEFO au masaa 6 baada yake, au vyote viwili uvimeze pamoja ukiwa unakula chakula. Kwa saa zako, FEFO ya mchana inakaa vizuri. Usiache hata kimoja, dada. Na umefanya vema kuuliza.

MamaJunior:

Samahani kudandia uzi. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, naona kapauka. Nimkatie FEFO yangu nusu?

NesiMstaafu:

Hapana mwanangu, usimkatie. Pemba palifanyika utafiti mkubwa kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, ukachapishwa mwaka 2006. Malaria ilikuwa nyingi huko wakati ule, na watoto waliopewa madini ya chuma na foliki asidi kila siku bila kupimwa kwanza walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Mpeleke apimwe damu na malaria. Akionekana anahitaji, atapewa dawa yake kwa uzito wake.

MamaKijacho_Tanga:

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki nne kama nilivyoahidi.

Nilikwenda kliniki keshokutwa yake. Malaria sina, siko seli sina. Dawa ya minyoo sikuwa nimepewa, nikapewa. Nesi aliniongezea FEFO, kimoja saa 4 asubuhi na kimoja nikienda kulala, kwa maji na ndimu. Chai nakunywa saa 12 ile ile, nikimaliza naisahau mpaka saa 10 jioni. Ya kiungulia nimebakiza moja tu ya baada ya chakula cha mchana. Udongo nimefika kipande kimoja, na siku nyingine sikigusi.

Wiki ya kwanza tumbo lilinisumbua, kama NesiMstaafu alivyosema, papai lilisaidia. Choo bado cheusi.

Leo damu 10.1. Nimeambiwa niendelee hivyo hivyo, na hata nikijifungua nisiache ghafla, kwa sababu damu ikirudi bado akiba ya mwili inakuwa haijajaa.

Mama mkwe nilimsomea majibu ya NesiMstaafu neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu. Jumamosi kaja na machungwa nusu kiroba.