Tuliuziwa meli ya kisasa kwa picha, tukapandishwa kuukuu. Na fedha zetu bado zimekaliwa hapa hapa Dar

Wanajukwaa, salaam. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, lakini nimesubiri wiki tatu kabla ya kuuandika ili nisije nikasema jambo nisiloweza kulitolea karatasi. Jina la ofisi ninayoilalamikia nimeliacha kwa makusudi. Ni wakala wa safari aliye katikati ya jiji, na hilo linatosha kwa leo.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni. Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, kwa hiyo meli si kitu kigeni kwangu, ingawa nilizozijua ni za makasha na za magari, ambazo hazina muziki wala mtu wa kukutandikia kitanda. Mwaka huu mimi na mke wangu tumetimiza miaka 30 ya ndoa. Watoto walichanga, nasi tukaongeza akiba yetu, tukakubaliana kwenda kutalii visiwa vya Ugiriki kwa meli, usiku saba, kuanzia bandari ya Piraeus. Tulilipa shilingi 12,400,000 kwa watu wawili, mbali na tiketi za ndege na viza, na juu yake tukalipa matembezi ya nchi kavu katika bandari tatu. Haya matembezi naomba myakumbuke, nitayarudia.

Binti aliyetuhudumia alikuwa na adabu, alituita baba na mama, akatuletea maji ya kunywa, akatufungulia kijarida chenye picha ya meli ndefu kama ghorofa, yenye mabwawa na mabomba ya kutelezea maji. Mke wangu alimweleza mapema kwamba ana tatizo la goti na hawezi ngazi nyingi. Akajibiwa, "Mama, ondoa shaka, meli hii ni ya kisasa, lifti ziko kila upande, na chumba chenu kina roshani ya kutazama bahari." Niliuliza jina la meli na mwaka ilioundwa. Nikaambiwa jina litakuja kwenye vocha, na kwamba meli zote za kampuni hiyo ni za kiwango kimoja. Mtu niliyeshika nyaraka za meli maisha yangu yote nikaridhika na jibu hilo, na kosa hilo ni langu, silisukumi kwa mtu.

Tulipofika gatini Piraeus, meli yetu ilikuwa imesimama baina ya majitu mawili ya ghorofa nyingi kama daladala iliyoegeshwa kati ya mabasi ya mikoani. Mke wangu alidhani ni mashua ya kutupeleka kwenye meli yenyewe. Mimi nilitazama omoni, yaani sehemu ya mbele ya meli, kwa mazoea ya kazi. Chini ya rangi nyeupe, ambapo jua la jioni lilipiga kwa ubavu, zilionekana herufi za chuma za jina la zamani, zilizochomelewa tangu meli ilipoundwa na kupakwa rangi juu yake bila kuondolewa. Jina jipya lilikuwa limeandikwa kwa rangi tu, sentimita chache pembeni. Meli ikibadilishwa jina, bendera au mwenyewe, namba yake ya IMO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini) yenye tarakimu 7 haibadiliki, nayo hubaki nayo hadi siku ya kukatwa vyuma. Niliisoma, nikaitafuta kwenye simu kabla hatujapandisha mizigo: umri wake ulikuwa umezidi miaka 40, na jina lile lilikuwa la tatu.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu kuna watakaokuja kusema mzee analalamikia uchakavu wakati alilipa bei ya uchakavu. Meli kuukuu si lazima iwe mbovu. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilitaka vifaa vinavyoshika moto kwa urahisi viwe vimeondolewa kwenye meli za abiria kufikia Oktoba 2010, na nyingi zilizoshindwa kutimiza hilo zilipelekwa kukatwa. Iliyobaki ikisafiri leo imekaguliwa. Udogo nao una faida zake: meli kubwa ya kitalii Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, wakati sisi hatukufika 800, na kufikia siku ya tatu mhudumu wa mezani alikwishajua kwamba mke wangu hanywi kahawa. Zoezi la usalama lilifanywa kabla ya kung'oa nanga, kama inavyotakiwa tangu maafa ya meli ya Costa Concordia ya Januari 2012, na lilifanywa kwa makini, kila mtu akioneshwa mashua yake ya kuokolea. Mabaharia wale siwadai kitu.

Ninachodai ni kuambiwa. Sisi wa mwambao huu, tuliozika watu baada ya kuzama kwa MV Spice Islander I Septemba 2011, kisha tukazika tena Julai 2012 baada ya kuzama kwa MV Skagit iliyotoka hapa hapa Dar es Salaam, umri wa meli na idadi ya watu ndani yake si mambo ya pembeni kwetu. Kumficha mnunuzi wa Dar umri wa meli kwa kisingizio kwamba "zote ni za kiwango kimoja" ni kumdharau. Huenda tungeelezwa tungekubali, tena kwa bei yake halali.

Sasa chumba. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tulianzia ngamani, chini kabisa tumboni mwa meli, moja kwa moja. Chumba chetu kilikuwa sitaha ya chini kabisa ya abiria, upande wa omo, na badala ya roshani kilikuwa na dirisha la duara lililofungwa kwa boliti, linalopigwa na wimbi meli ikiinama. Chini yetu kulikuwa na propela ya ubavuni, ile inayosukuma omo kuelekea gatini, na kila asubuhi tulipoingia bandarini iliwashwa kwa kishindo kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai kwa dakika nzima kabla ya kutakata. Mlango wa bafu ulikuwa na kizingiti cha chuma cha kimo cha kiganja, kama zilivyo meli za zamani, na mke wangu alijikwaa hapo usiku wa kwanza, goti lile lile. Lifti zilikuwa mbili, hazikufika sitaha yetu, na moja iliharibika siku ya pili. Kutoka kitandani hadi chumba cha chakula nilihesabu ngazi 61. Kuanzia siku ya nne alikuwa akipanda mara moja tu kwa siku, chakula cha jioni nikawa nambebea kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

Siku ya tano upepo wa kutoka kaskazini ambao Wagiriki wanauita meltemi, unaovuma Bahari ya Aegean hasa Julai na Agosti, ulichafua bahari, na nahodha akaamua kutosimama kisiwa cha Mykonos. Nahodha hana lawama. Aliyewahi kuvuka kwenda Unguja wakati wa kusi anajua kwamba uamuzi kama huo ni wa kushukuru, na hata meli kubwa hupita bila kusimama hali ikiwa hivyo. Tangazo lilisema waziwazi kwamba fedha za matembezi ya Mykonos zitarudishwa.

Siku ya mwisho nilikwenda dirisha la mhasibu wa meli kuulizia fedha hizo, na hapo ndipo nilipogundua nilikuwa nikikasirikia jambo dogo. Yule bwana alinichapishia karatasi mbili. Ya kwanza ilionesha kwamba malipo ya Mykonos yamerejeshwa kwa aliyeyanunua, yaani wakala wetu wa Dar es Salaam. Ya pili ilikuwa nafasi yetu kama ilivyoombwa mwezi Aprili, wiki ile ile tuliyolipa: daraja la chini kabisa lenye dirisha. Hatukuhamishwa chumba wala hapakuwa na makosa ya kompyuta. Tangu siku ya kwanza tulinunuliwa chumba cha chini, na risiti yangu ya hapa Dar, yenye muhuri, inasema kwa maandishi "chumba chenye roshani". Roshani katika meli ile ni chache, zote za vyumba vya juu vya bei kubwa.

Niliporudi nilikwenda ofisini mara nne. Mara ya kwanza niliambiwa meneja yuko safari. Mara ya pili niliambiwa matatizo yote yametokana na udogo na uzee wa meli, na kwamba wao hawana mamlaka juu ya meli ya watu. Angalieni jambo hilo: uzee ambao Aprili haukuwepo, Agosti umekuwa utetezi! Mara ya tatu nikaoneshwa maandishi madogo nyuma ya risiti yanayosema picha ni za mfano tu. Mara ya nne meneja alipatikana, nikamwekea zile karatasi mbili mezani. Alizisoma, akazigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akaniuliza nani amenipa. Hakuniuliza kama ni za kweli.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara, na malalamiko yangu ya maandishi nimekwisha kuyaandaa. Ninachotaka ni vitu viwili: fedha za Mykonos, ambazo wanazo mkononi, na tofauti ya bei kati ya chumba nilicholipia na chumba walichoninunulia. Sidai fidia ya kuchoka wala ya maji ya rangi ya chai. Mwanajukwaa yeyote aliyeuziwa safari ya meli kupitia wakala wa hapa jijini, akaoneshwa picha ya meli moja na kupandishwa nyingine, naomba aandike hapa chini alichoambiwa kabla ya kulipa, na kama ana risiti inayotaja aina ya chumba aihifadhi.

Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa pale tena. Zile karatasi nimezitoa nakala tatu, na mke wangu amesema safari hii anakuja mwenyewe, ingawa ofisi iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti.