Tupeane uzoefu: Spika mbili za sebuleni zenye sauti safi kwa bajeti ya kubana

Wakuu, hapa tunazungumzia stereo ya kusikiliza muziki, si sabufa ya kutikisa madirisha. Naanza na pesa: zaidi ya nusu iende kwenye spika, hata kama ni za mtumba. Amplifaya nzima mbili hazipishani sana kwa sauti. Spika zinapishana mno.

Kabla ya kulipia spika ya mtumba, tandaza vidole kwenye karatasi ya wufa (ile spika kubwa ya besi) uisukume taratibu. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa ndani) imepinda au imeungua, achana nayo. Sponji ya ukingoni ikiwa inameguka, usikimbie: ukingo mpya hubandikwa kwa gundi, hapo ndipo pa kushushia bei. Kisha pima kwa multimita: spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) isome 6 hivi, ya omu 4 isome 3 na kitu. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Ila kipimo hicho hakiioni twita (ile ndogo ya sauti nyembamba), kwa sababu kuna kapasita njiani, kifaa kinachozuia umeme wa betri ya multimita. Hiyo weka sikio karibu muziki ukiwa unapiga.

---

Naongezea kwenye amplifaya. "Wati 300" za kwenye boksi ni mapambo. Bodi ndogo zenye chipu ya TPA3116 zinafaa sana kwa bajeti hii, lakini wati zinatoka kwenye adapta. Kwa spika ya omu 8, chukua volti, zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa 16. Volti 12 zinakupa wati 9 tu. Adapta ya laptop ya volti 19 inakupa kama 22, na sebule ya kawaida haihitaji zaidi. Usivuke volti 26, chipu inaweza kufa.

Kosa linaloweza kuua bodi hizi: kuunganisha hasi ya kushoto na ya kulia pamoja, au kuipeleka hasi ya spika kwenye boksi la chuma la amplifaya. Kwenye bodi hizi hasi nayo inabeba sauti. Kila spika na waya zake mbili.

---

Besi imepotea na mwimbaji hajulikani amesimama wapi? Spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja. Karatasi ya wufa ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Zote mbili zitoke nje.

---

Kwa wanaojitengenezea boksi: mbao za MDF za milimita 18, gundi kila kiungo, halafu pitisha silikoni kwa ndani. Tundu dogo la waya lisilozibwa linapiga mluzi na kula besi. Boksi lililofungwa lijazwe pamba ya mito, isishindiliwe.

Twita isiungwe moja kwa moja. Kapasita ya mikrofaradi 6.8 kwa twita ya omu 8 inakata sauti za chini ya herzi 2,900 hivi. Iwe isiyo na chanya na hasi. Zile za kawaida zenye chanya na hasi zinaharibika zikipewa sauti. Na mkuu, kapasita moja haikati kwa ukali, kwa hiyo twita ndogo sana bado itaumia ukifungulia sauti.

---

Mvumo wa "mmmm" simu ikiwa kwenye chaja na imechomekwa kwa waya? Chomoa chaja kwanza. Mvumo ukinyamaza, umeme unazunguka kupitia njia mbili za ati (waya wa ardhini). Transfoma ndogo ya kutenganisha sauti inamaliza kazi. Usikate waya wa ati wa plagi, huo ndio unaokuokoa na shoti.

Nobu ya sauti inayokwaruza kwenye amplifaya ya zamani: zima, pulizia spirei ya kusafishia viungio vya umeme ndani ya nobu, izungushe mara 20 au 30, subiri ikauke ndipo uwashe.

---

Waya: shaba milimita mraba 1.5 kwa mita 5, basi. Waya ghali hamna kitu.

Mpangilio sasa, huu ni bure. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila moja hadi unapokaa, twita ziwe usawa wa masikio. Zikiwa pembeni kabisa ya chumba, besi inavuma kama pipa. Zivute sentimita 30, sikiliza wimbo uleule, zivute tena 10. Tundu la besi (lile la boksi kupumulia) likiwa nyuma, lizibe kwa soksi iliyokunjwa endapo huna nafasi ya kuzisogeza.