Tupeane uzoefu: shamba la kijijini halijawahi kupimwa, mpaka uliujuaje?

Wadau habari za jioni. Niko Muheza, shamba tumeachiwa na marehemu baba, michungwa na minazi kidogo, mpima hajawahi kukanyaga. Mwaka jana narudi nakuta jirani kachimba mashimo ya migomba huku chini hadi kwenye mkonge, namuuliza vipi ananiambia mpaka si ndo mkonge huo, na kweli mkonge uko pale pale kwenye mashimo. Siku tatu sikulala vizuri. Aliyenifumbua macho ni bibi yetu mmoja, shangazi yake baba, kaja na mkongojo wake, nimemwamkia hata hajakaa akasema mjukuu wangu, mkonge unatembea. Yaani mkonge ukishatoa mlingoti, ule wa mama unakufa, vinabaki vichipukizi pembeni, sasa upande wa jirani ulikuwa unalimwa kila msimu vikawa vinang'olewa, upande wetu pori, vikapona vya kwetu, basi mwaka hadi mwaka mstari ukawa unaingia kwetu. Tukafyeka tukatafuta visiki vya zamani, vile vilivyooza ukigusa vinamenyeka nyuzi nyuzi, tukapata vinne vimejipanga, mistari miwili ya mashimo iko ndani kwetu. Nikamwita jirani aje aone mwenyewe kabla sijaenda popote. Aliangalia kimya, jioni yake akaanza kufukia.

Nyie wenzangu mmejuaje yenu?

Mdau, Fukayosi Bagamoyo: Pole na hongera. Mimi nilinunua ekari mbili kwa hatua, kila moja 70 kwa 70 kama kawaida yetu huku, aliyehesabu kijana wa muuzaji, mfupi na anatembea taratibu. Baadae nikaazima tepu nikapima upande mmoja, mita 52 na ushee! Hatua yake sentimita 75. Jamani hii hesabu ya 70 ilitoka kwenye yadi, ekari ni yadi za mraba 4,840 na 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo hatua ni sentimita 91 hivi, ule mguu wa kunyoosha haswa. Nilidhani kila ekari ni mita za mraba 4,047 kumbe nina 2,750. Nimeshalipa na mashahidi wamesaini. Tembeeni na kamba mliyoipima wenyewe.

Mdau, Pangani: Kwetu babu alizika mkaa kwenye kona. Mkaa hauozi. Tulichimba kama goti hivi ukatoka mweusi tii pamoja na vigae vya chungu, kesi ikaisha hapo hapo mbele ya wazee.

Mdau, Mkinga: Mi nilitumia simu, ile programu ya ramani. Uwanjani sawa, chini ya mikorosho kidoti kinaruka mita tano, nane, ukisimama pale pale asubuhi na jioni ni sehemu mbili. Kukumbukia tu kona iko wapi inafaa, kumwambia mtu ng'oa mhogo wako kwa sababu ya simu hapana, mtagombana bure.

Mdau, Kiromo: Sisi kijiji kilipotoa hati za hakimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, watu wa kamati walitembea mpaka wote na majirani wapo, kila jirani akasaini upande wake. Kugombana kulikuwepo, ila mbele ya watu. Mkikwama kuna baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, na msikae kimya mkisubiri, ukimwacha mtu kwenye ardhi yako zaidi ya miaka 12 kudai mahakamani inakuwa ngumu sana.

Mwenye mada, Muheza: Asanteni, hilo la miaka 12 limenishtua, jirani wa juu analima kona yetu tangu baba yuko hai na hatujawahi kumsemesha. Bibi ana miaka themanini na kitu, na kona ile anaijua yeye tu. Jumamosi hii nampeleka na bodaboda hadi pale, jirani na balozi wa nyumba kumi nimeshawaambia wawepo, na miche ya minyaa nimekata tayari, tunapanda siku hiyo hiyo anaponyoosha mkongojo. Mwenye kuijua minyaa aniambie niachanishe kiasi gani, na ule utomvu wake mnaukwepaje usiingie machoni?