Naomba ushauri wa futiboli ya Kimarekani: wapinzani wana mabeki watano nyuma, tukimbie na mpira au pasi fupi?

Habari wakuu. Niko Marekani, namsaidia kocha wa timu ya vijana ya futiboli ya huku. Wapinzani karibu wote wanacheza nikeli, yaani mpango wa ulinzi wa mabeki watano wa kuzuia pasi, wawili wamekaa mbali kabisa nyuma. Pasi ndefu hakuna, na kwotabeki wetu (mrusha pasi) hana subira ya kusogea kidogo kidogo, yadi nne nne.

Eagles, timu ya ligi kuu ya NFL, msimu wa 2024 walimwachia mkimbiaji wao Saquon Barkley mpira akakimbia yadi 2,005, ila wao mbele walikuwa na majitu ya kumfungulia njia, wetu bado watoto jamani. Nafikiria kuingiza taiti endi wawili (wachezaji wakubwa wanaozuia na pia kudaka pasi), yule beki wa tano alazimike kupambana na watu wazito. Wakimtoa wakaleta lainibeka (mlinzi mzito zaidi wa katikati), ndipo turushe? Au tuanze na pasi fupi za katikati? Mliowahi kufundisha, nisaidieni.